Niliacha vidonge vya utumbo nisimwaibishe baba mdogo (Voi, miaka ya hamsini)

Wakuu, habari zenu. Shikamoo sitoi, nimepita tisini na sidhani humu kuna wa kunizidi.

Haya yamenipata mwenyewe. Aliyebaki wa kunibishia ni mke wangu Mghoi, na amesimama hapa nyuma anasoma kila ninachochapa.

Kuna kijana jana ameandika kwamba ana ulcerative colitis, yaani vidonda vya utumbo mpana, na ameacha dawa kwa sababu "amepona". Nimesoma, nikashindwa kukaa kitini. Kijana, nisikilize.

Kabla ya uhuru nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge karibu na Voi. Kazi ni kusimama pale, mzigo unapimwa, unaandika.

Sasa mimi nikawa siwezi kusimama. Naharisha damu mara kumi kwa siku, tumbo linasokota. Kokote nilikoingia nilitafuta kwanza mlango wa kutokea. Hata kanisani nilikaa benchi la mwisho.

Tukatibu amiba, wapi! Mwishowe nikapelekwa Mombasa. Daktari akachungulia utumbo kwa ndani, akasema utumbo mpana umevimba na una vidonda.

Akaniuliza kama dawa za salfa zimewahi kunifanya nitoke vipele. Nikasema hapana. Akanipa vidonge vya manjano vya jamii hiyo, vya kutuliza uvimbe.

Masharti: meza baada ya kula, kunywa maji mengi, rudi tupime damu, usichanganye na aspirini, na usiache hata ukijisikia mzima.

Wiki zikapita, damu ikapungua. Nikarudi kuwa mtu.

Lakini nyumbani Chawia, kule milimani, wazee walikuwa na jibu lao kuhusu ugonjwa wangu. Mimi na baba mdogo, aliyenilea baada ya baba kufa, tulikuwa hatusemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kwetu Wadawida, kabila letu la milimani, mkubwa wako akikuwekea hasira moyoni, inaweza kukuletea ugonjwa. Tiba yake ni kutasa: mwenye hasira anapiga funda la pombe ya miwa, anaipuliza nje, anatamka kwamba moyo wake umepoa.

Baba mdogo akatasa. Mzee alilia, nami nikalia. Msinicheke. Nilishuka Voi nikiwa mwepesi kabisa.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nikawaza: nikiendelea kumeza, si ni kama namwambia mzee bado ana kinyongo? Nikaviacha. Hakuna aliyenituma. Ni mimi.

Mwezi haukuisha, damu ikarudi, tena nyingi. Viungo vikaanza kuuma, nikanunua aspirini dukani nikazitafuna kama njugu. Sharti nililijua! Tumbo likazidi kuharibika.

Na nikaficha. Habari ikifika Chawia, watu watasema mzee alitasa kwa mdomo tu, moyoni bado. Wakuu, nilikuwa tayari kufa ili mzee asiaibike. Nasema ilivyokuwa.

Mghoi hakuwa tayari. Akatuma ujumbe bila kuniuliza, na siku ya pili baba mdogo akafika, vumbi mpaka magotini. Nilishindwa hata kuinuka kumwamkia.

"Dawa ya Mombasa imeisha?"

"Haijaisha, baba. Niliiacha." Nikamweleza sababu.

Akageukia mlangoni. Nikadhani ataondoka.

"Mwanangu, mimi nilitema hasira. Nani alikwambia nilitema na dawa yako?"

Akanipeleka Mombasa mwenyewe kwa treni. Daktari alinigombeza vizuri. Nikapewa dawa nyingine kali ya uvimbe, ya muda mfupi, tukaipunguza kidogo kidogo kama alivyopanga yeye, ndipo nikarudishwa kwenye vidonge vya manjano.

Sasa kijana. Nafuu unayojivunia huenda ni kazi ya hiyo hiyo dawa. Usiikatize, na kama umeshaacha, usijianzishie. Rudi kwa daktari. Painkiller za dukani muulize kwanza. Ukiona side effects, kama mkojo kugeuka rangi ya machungwa ulivyonitisha mimi, muulize pia, usiache kimya kimya. Na usiige dawa yangu, siku hizi ziko nyingi na kila mtu ana yake.

Na kweli watu wa Chawia walisema nililoliogopa, kwamba mzee alitasa bure. Walisema mbele yake, kwenye mazishi, kwenye harusi. Angeweza kuwajibu kwamba mimi ndiye niliyeacha dawa. Hakuwahi kusema. Alibeba aibu ile mpaka akafa, na mimi nimeishi miaka yote hii.

Wengine humu mnaacha dawa kwa sababu ya nani? Semeni hapa chini. Kijana, wewe anza.