Mpira Uliogoma Kutoka Mkononi mwa Erasmo

Tarehe 1 Julai 1992, siku ya Jumatano, sheria iliyoruhusu tena vyama vingi vya siasa ilianza kutumika Tanzania. Tarehe hiyo imeandikwa na haina ubishi. Lakini katika kijiji kimoja kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mtama, watu wazima wanaikumbuka kwa jambo jingine: ndiyo siku Erasmo Nampembe alipomsukuma mtani wake kando ya kaburi la mama yake mzazi.

Erasmo alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na kazi yake ilikuwa kucheza tenisi. Kila aliporudi kijijini ilibidi aieleze upya. Mjomba wake, Ambrosi, alikuwa na swali lake lilelile: "Hivi wewe, mwanangu, unalipwa kwa kuupiga mpira au kwa kuukosa?" Watu walicheka, na Erasmo alicheka nao, ingawa swali hilo lilimchoma, kwa kuwa ndilo alilojiuliza kila alipoamka.

Aliupata mchezo huo kwa baba yake. Mzee Valentini alikuwa mtunza uwanja katika shamba la mkonge karibu na Lindi. Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo wa kichuguu, uliopondwa, ukachekechwa, ukamwagiliwa na kushindiliwa kwa pipa lililojazwa zege. Mtoto aliyeanza kwa kuokota mipira ya mameneja aliishia kuwashinda mameneja. Mwaka 1986 klabu ya shirika moja la umma ilimchukua Dar es Salaam na kumwandikia mshahara. Mwaka 1988 alitwaa kikombe Mombasa; mwaka uliofuata alifika fainali Lusaka, akapanda ndege kwa mara ya kwanza. Kisha mambo yakageuka. Mashirika yaliambiwa yajitegemee, na kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa michezo. Klabu ilifungwa, nyavu zikafanywa kamba za kuanikia nguo. Mwaka 1991 Erasmo alirudi kwenye shamba la mkonge, kwenye uwanja uleule wa baba yake, akiwa na raketi moja tu iliyobaki nzima.

Nalo shamba lilikuwa mbioni kuuzwa. Kampuni iliyolitaka ilitangaza kwamba ingemgharimia mchezaji mmoja kwa mwaka mzima katika mashindano ya nje. Wawili wangepambana Jumamosi ya tarehe 15 Agosti: Erasmo, na kijana aliyeitwa Yahya, mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Ambaye angeshindwa asingekuwa na uwanja tena. Erasmo hakujua kulima wala kuvua, na mkataba huo ulikuwa mlango wa mwisho.

Ndiyo maana alikwenda na raketi msibani. Aliogopa kuiacha nyumbani ikaibwa. Aliogopa hata kuiweka chini.

Katika ukoo wake msiba hauendeshwi bila watani. Wao ndio wachimbao kaburi, ndio wamwigizao marehemu hadi waliao wacheke, ndio wachukuao kitu cha mfiwa na kukizuia mpaka akikomboe kwa neno la kuchekesha. Mwishoni wao ndio wawanyunyiziao wafiwa maji ya kuwatoa msibani. Mfiwa anayemkasirikia mtani amemkasirikia mvushaji akiwa katikati ya mto.

Mtani mkuu siku hiyo alikuwa Stefania, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Aliiona raketi chini ya kwapa la Erasmo, akaichomoa kabla hajajua.

"Jamani, tazameni chekeche la Ulaya!" alipaza sauti. Akachota udongo wa kaburi, akauchekecha juu ya nyuzi. "Unga huu mbona una mawe? Monika, amka umwone mwanao, amekuja kukuzika na chombo cha jikoni!"

Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Erasmo alisikia nyuzi zikikwaruzwa na changarawe.

"Bibi Stefania, nirudishie."

"Nikurudishie? Mama yako anakwenda safari ya joto, nani atampepea?" Stefania akainama, akaielekeza raketi kaburini kana kwamba anaishusha. "Monika, pokea! Pokea na mkono wake!"

Hapo Erasmo alipaswa kusema neno lolote, hata la kipuuzi. Badala yake aliruka, akaipokonya raketi, akamsukuma Stefania mabegani. Mama huyo aliangukia lundo la udongo.

Kicheko kilikatika. Wanawake walioketi mkekani waliziba midomo kwa khanga. Stefania alijiinua, akajipangusa taratibu, akamwangalia Erasmo bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Ilipofika zamu ya maji, aliwanyunyizia wafiwa wote, mmoja baada ya mwingine. Mbele ya Erasmo alipita kama anayepita mbele ya mti.

"Yeye mwache hivyohivyo," alisema.

Erasmo aliondoka kesho yake alfajiri. Mkewe, Tekla, husimulia kwamba kabla hata hajaoga alikwenda uwanjani. Alisimama kwenye mstari wa nyuma, akainua mkono wa kushoto kurusha mpira juu ili auanzishe. Mkono ulipanda. Vidole havikufunguka.

Alijaribu tena. Safari hii mpira ulitoka kwa kuchelewa, ukaruka nyuma ya kichwa chake. Alijaribu mara arobaini. Mipigo mingine yote ilikuwa sawa: akipigiwa, alirudisha kama zamani. Lakini kila mpira ulipokuwa wake kuanzisha, vidole viliganda. Kila mara sauti ya Stefania ilirudi: pokea na mkono wake.

Siku zilipita, hofu ikakua. Alianza kuiogopa saa ya mazoezi, kisha sauti ya pipa la kushindilia uwanja, kisha mpira wenyewe ukiwa umetulia mezani. Yahya, asiyejua kilichotokea, alimtania kwa lugha ya vijana wa mjini.

"Kaka Erasmo, huo mpira umeupaka gundi? Uachie basi, utazeeka nao!"

Mganga wa zahanati ya shamba alimkunja vidole na kuvikunjua, asione kasoro. Padri alimwombea. Tekla alingoja wote wawili wamalize, ndipo akasema.

"Baba, unajua dawa ilipo. Nenda kwa Bibi Stefania."

"Mimi ni Mkristo, Tekla. Nimefika Lusaka kwa ndege. Mkono wangu ukazuiwe na mfinyanzi?"

"Ndege hiyo ndiyo ilikufundisha kusukuma watani makaburini?"

Zilipobaki siku tisa alipanda lori la chumvi hadi Mtama, kisha akaenda kwa miguu.

Alimkuta Stefania akisugua chungu kibichi kwa kokoto ili king'ae. Alichutama mbali kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Leo unashika miguu? Juzi ulishika mabega." Aliendelea kusugua. "Umekuja kunimalizia? Sukuma basi, udongo ndio huu hapa."

"Nimekosa. Nimekuja kuomba maji."

"Maji! Kwenu Lindi bahari imekauka?"

Watoto wa Stefania walicheka. Erasmo alifahamu kwamba anapimwa, na kwamba akikunja uso mara ya pili hakutakuwa na ya tatu. "Ya huko yana chumvi, bibi. Nikioga nakuwa samaki wa ng'onda."

Stefania akacheka kwa kifua kizima. "Kumbe una mdomo! Siku ile uliuacha wapi?" Alichota maji kwenye mtungi, akamwagia kichwani, mabegani, kwenye viganja vyote viwili. Alipomaliza hakucheka tena.

"Sikiliza. Mimi sikukufunga kitu. Mwenye msiba asiyetolewa msibani hubaki nao, basi. Lakini deni la mtani hulipwa kwa utani. Siku nikifa, uje wewe mwenyewe kunitania kaburini. Usitume mtu. Popote utakapokuwa, uje."

"Nitakuja, bibi," Erasmo alisema. Mtu anayezama hasomi masharti ya kamba.

Tarehe 15 Agosti mpira ulitoka mkononi. Katika gemu ya kwanza aliyoanzisha ulitoka ukiyumba, na Tekla, aliyeketi pembeni, aliinamisha kichwa asione. Kuanzia ya pili ulipaa ukiwa umenyooka. Yahya alichukua seti ya kwanza, Erasmo mbili zilizofuata. Kijana alikuja wavuni akimpa mkono. "Umeibandua wapi gundi, kaka?"

Mwaka huo wa mkataba ndio uliokuwa bora kuliko yote. Alishinda Mombasa mara ya pili. Harare alitolewa siku ya kwanza, Kampala akafika robo fainali. Waliosafiri naye wanasema hakuwahi kuonekana mwenye furaha. Kabla ya kila mchezo alijimwagia maji kichwani, na katika kila hoteli swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna habari kutoka nyumbani. Kila alipoitwa mapokezi, alishuka akitarajia kusikia jina la Stefania.

Alhamisi ya tarehe 15 Aprili 1993, Nairobi, aliitwa. Ilikuwa simu ya maandishi, telegramu, kutoka kwa Tekla: STEFANIA AMEFARIKI JANA. Nusu fainali ilikuwa Jumamosi. Mwakilishi wa kampuni, aliyeitwa Cletus, alikuwa mtu wa maneno machache.

"Ni mama yako?"

"Hapana. Mama alikwisha kufa. Ni mtani wangu."

"Mtani." Cletus alilirudia neno hilo kama anayeonja kitu kilichochacha. "Mkataba wako unaisha Julai, Erasmo. Ukicheza Jumamosi, naweza kuandika uongezewe. Ukiondoka, nitaandika kwamba uliondoka. Na huko atakuwa amezikwa kabla hujafika."

Ilikuwa kweli. Erasmo alipanda chumbani, akasimama katikati ya zulia, akainua mkono wa kushoto wenye mpira. Hakuna aliyeona kilichotokea. Aliyemwona akishuka ni mhudumu wa mapokezi: alikuwa amebeba begi na raketi, uso umemparama kama aliyefukuzwa.

Alifika Dar es Salaam kwa basi siku ya Ijumaa. Masika ilikuwa imekata barabara ya kusini, na Rufiji ilikuwa imefurika. Alingoja bandarini siku nne hadi akapata meli iliyoshusha abiria Mtwara, akaunga malori mawili na miguu. Aliingia kijijini tarehe 24 Aprili. Matanga yalikuwa yameanuliwa siku sita kabla.

Dativa, binti mkubwa wa Stefania, alimpeleka kaburini. Juu yake kilikuwa kimepinduliwa chungu kilichotobolewa.

Erasmo aliitoa raketi. Alichota udongo uliokwisha kushikana kwa mvua, akaumimina juu ya nyuzi. Haukupita hata punje.

"Bibi Stefania," alianza, "mbona umepika unga mbichi? Nimeacha nusu fainali kwa ajili yako, nawe hukuweza kuningoja hata wiki moja? Ndiyo haraka gani hiyo, umeitwa kufinyanga huko?"

Alitazama nyuma. Dativa alikuwa peke yake, na hakucheka.

"Umechelewa, mtani," alisema kwa upole. "Utani ni wa watu. Huu umemwambia nani?"

Akamchotea maji ya mtungi, akamnyunyizia, lakini akakiri kwamba hakujua kama yeye ndiye aliyestahili kufanya hivyo, wala kama wakati wake ulikuwa haujapita.

Cletus aliandika alichosema angeandika. Mwezi Julai mkataba ulikoma, na ukapewa Yahya. Uwanja wa kichuguu ulipandwa mkonge. Mwaka 1995 hoteli moja ya Mombasa ilimwita Erasmo acheze na kufundisha kwa mshahara, na Tekla akamfungia begi, lakini Erasmo alilifungua mwenyewe, asiende. Alipoulizwa sababu, alisema bega linauma. Akaishi kwa kusuka nyavu za wavuvi. Raketi ameitundika juu ya mlango, nyuzi zikiwa na doa jekundu la udongo, na haishuki hata kupanguswa.

Tarehe ya kifo cha Stefania inajulikana, ya safari inajulikana, na ya kuvunjika kwa mkataba imeandikwa. Kisichojulikana ni kama utani uliochelewa siku tisa ulipokelewa, na kama mpira ungetoka tena mkononi mwake. Tangu siku ile ya Nairobi, Erasmo hajawahi kuuinua mpira kujaribu.