Salamu Maria Kumi Mbele ya Jiko la Mafuta

Katika safari zote nilizofanya, mwanangu, ninayoikumbuka kwa mwili mzima ni ile ya kutoka Butembo kwenda Goma, siku nne juu ya magunia ya maharagwe, diploma yangu ya sekondari ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki kifuani ili mvua isiipate. Pale Kanyabayonga lori lilivunjika ekseli. Katika mji wa Kiwanja tulilala sokoni, chini ya meza za wauza vitunguu. Nilipoliona Ziwa Kivu nilidhani nimefika mahali ambapo mtu aliyesoma hupokelewa kwa mikono miwili. Tangu wakati ule nimekaa Bukavu, Kalemie, Kisangani na Bunia, na sijui mwaka ujao nitaamkia wapi. Lakini nikiachwa peke yangu hurudi Goma kwa mawazo, kwenye vumbi lile jeusi la volkano, na hurudi na hasira.

Sijazeeka. Nina miaka arobaini na kitu, na wazee wa kweli wakisikia nakuita mwanangu watanicheka. Wacheke. Juzi ulinionyesha kwenye simu yako jiko unalowatengenezea wachoma mikate, lile la pipa, la kuchoma mafuta machafu ya magari. Ukaniambia kwamba fundi anayekufundisha ana masharti mengi ya kizee, ukacheka. Kwa ajili ya kicheko kile nimeketi kuandika.

Kazi niliyoipata Goma ilikuwa katika kiwanda kidogo cha sabuni. Kulikuwa na shodieri, chungu kikubwa cha chuma cha kuchemshia maji, na mvuke wake ulipita kwenye mabomba hadi ndani ya pipa la kupikia sabuni. Msimamizi wake alikuwa Papa Katembo, mtu wa kwetu Butembo, aliyekubali kunipokea kwa sababu alimjua baba yangu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila mara alivaa koti la suti juu ya ovaroli, hata mbele ya moto.

Shodieri ile ilijengwa kwa ajili ya kuni. Kuni zilipokuwa taabu kupatikana, mwenye kiwanda wa kwanza akataka ichome mafuta, na Papa Katembo aliyaona majaribio yote kwa macho yake. Kwanza waliweka sinia za chuma ndani ya jiko, moja chini ya nyingine kama ngazi, mafuta yakitiririka kutoka sinia hadi sinia huku yakiungua. Zilishika ukoko mweusi mgumu kuliko wa ugali, kisha zikapinda. Nilizikuta uani, kina mama wakizikalia. Baadaye wakarundika mawe ya volkano na kudondoshea mafuta juu yake. Mawe yakawa yanapasuka, na moshi ukawafukuza majirani. Mwishowe wakaunganisha mabomba mawili: moja la mafuta, moja la mvuke wa shodieri yenyewe, ili mvuke uyapulize mafuta yawe kama ukungu. Asubuhi tuliwasha kwa kuni mpaka mvuke upatikane, kisha tukafungua mafuta. Hapo moto ulinguruma vizuri, na bomba la moshi juu ya paa likatoa moshi kidogo tu.

Lakini mafuta yetu yalikuwa ya vidanje, yale yanayomwagwa na magari na mashua, na mara nyingi yalikuwa na maji ndani. Maji yakifika kwenye moto, jiko linakohoa mara mbili, linazimika. Papa Katembo alikuwa na utaratibu wake. Anafunga robine, yaani koki ya mafuta. Anafungua njia ya moshi mpaka mwisho. Anasimama pembeni mwa mlango wa jiko, si mbele yake. Kisha anasali Salamu Maria kumi kwa sauti, bila kukimbia. Akimaliza ya kumi anaingiza kitambaa kinachowaka kwenye ncha ya chuma, na hapo tu anafungua mafuta.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule. Ubaoni nilikuwa nimechora gesi ikipanuka ndani ya chombo kilichofungwa, na mwalimu alinipa alama nzuri. Nikamuuliza mzee, huku namkonyeza Mama Furaha, kama shodieri ilikuwa imebatizwa. Nikamuuliza kama ingekubali Baba Yetu tano badala ya Salamu Maria kumi. Mama Furaha, mwanamke wa Masisi aliyekoroga sabuni na kuikata, alicheka mpaka akashika ukuta. Papa Katembo alisema tu kwamba mwenye macho haambiwi tazama.

Methali hiyo naichukia hadi leo.

Siku yenyewe mzee alikuwa amekwenda Kituku, kando ya ziwa, kununua mafuta yaliyotolewa kwenye mashua. Nilibaki na jiko, na jua lilikuwa bado halijafika juu. Jiko likakohoa, likazimika. Nikafunga robine, nikafungua njia ya moshi, nikasimama pembeni kama nilivyozoea. Nikaanza kusali. Mama Furaha akaita kwamba sabuni inaanza kulala, kuganda ndani ya pipa, na ikilala itaharibika yote. Nikasali ya pili. Akaita tena, akaja mwenyewe na mwiko wake mrefu mkononi, akasimama mbele ya mlango wa jiko kutazama ndani.

Nikaacha sala. Matofali ya ndani yalikuwa bado mekundu, nikaona hata kitambaa cha nini, yatawasha yenyewe. Nikafungua mafuta. Moto haukuja, ukaja moshi mweupe, mzito, ukijaa mle ndani. Nikafungua zaidi.

Sikusikia mlio. Nilichokiona ni mlango wa chuma ukiruka na moto ukitoka kama ulimi, ukamkuta mama yule akiwa ameinua mikono kujikinga uso. Mimi sikuungua hata nywele, mwanangu. Nilikuwa pembeni. Katika yote niliyofundishwa, nilishika sehemu iliyonilinda mimi na kutupa sehemu iliyomlinda mwenzangu.

Watu hupenda kusema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo. Guu lililovunjika halikuwa langu.

Papa Katembo alinikuta hospitali, nimekaa kwenye ngazi. Koti lake lilinuka samaki na mafuta. Aliniuliza neno moja, kama nilisali. Nikamwambia kwa ukali kwamba mtu amelala ndani ameungua, na yeye ananiuliza habari za rozari. Ndipo akakaa, akaniambia kile ambacho ningepaswa kujua tangu siku ya kwanza. Moto ukizimika, mafuta yaliyobaki ndani yanaendelea kugeuka moshi juu ya matofali ya moto. Moshi huo ukijaa halafu ukapata cheche, unalipuka. Unahitaji muda wa kutoka kupitia juu, na Salamu Maria kumi ni muda wake. Aliyemfundisha hakuwa na saa, naye pia hakuwa nayo.

"Kwa nini hukuniambia, Papa?"

"Hukuuliza."

"Niliuliza. Zaidi ya mara moja."

"Uliuliza huku unacheka," alisema. "Mutu anayecheka, mimi namujibu nini?"

Maneno hayo yakaniongezea hasira. Patroni, mwenye kiwanda, alipokuja alisimama mlangoni mwa wodi akasema ni mapenzi ya Mungu, sote tuyapokee. Nilitaka kumshika shati. Mungu hakufungua robine ile.

Mama Furaha alipoanza kuweza kuzungumza, mikono yake ikiwa imefungwa hadi viwiko, nilimwambia ukweli kwamba kosa lilikuwa langu. Kila siku tangu aanze kazi pale alikuwa akisikia sala ile akiwa kwenye pipa lake.

"Nilijua, Kambale," alisema. "Nilisikia mbili tu. Nikafurahi. Nikasema leo mvuke itafika mbio."

Vidole vyake havikukunjuka tena vizuri, na kisu cha kukatia sabuni hakukishika tena. Mzee alijua akanyamaza, mimi nilisoma nikacheka, na yeye aliyeungua hakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba maneno yale yalikuwa yakimlinda. Ningelia kama nisingekuwa na hasira.

Jiko likatengenezwa. Mimi niliwekwa kubeba mapipa, na patroni akaleta mtu mpya wa kujifunza moto, Papa Espoir, baba wa watoto wanne kutoka Kiwanja, mpole, mwenye kusikiliza. Siku ya kwanza nilikuwa navingirisha pipa nikamsikia Papa Katembo akimfundisha: funga, fungua njia ya moshi, simama pembeni, sali Salamu Maria kumi. Basi. Sababu hakuitaja.

Papa Espoir akasema kwa adabu kwamba yeye ni Muadventista, sala hiyo hawana. Mzee akafikiri kidogo, akamwambia aimbe wimbo wa kanisa lake.

"Wimbo gani, muzee? Kuna zingine ni fupi sana."

"Yoyote. Mungu ni mumoja."

Niliacha pipa palepale. Nilimwambia Papa Katembo amweleze mwenzetu sababu. Akasema nirudi kwenye mapipa. Nikasema sirudi mpaka amweleze. Ndipo akanivuta kando na kunipa hoja ambayo, nakiri, bado inanisumbua. Aliniambia kwamba mtu akijua sababu anaanza kuipima. Atasema leo nane zinatosha, kesho tano. Sala haipunguzwi; anayeogopa kuipunguza anaishi.

Nilimjibu kwamba mimi niliipunguza kwa sababu sikujua. Kisha nikafanya jambo ambalo kwetu kijana halifanyi. Nilimpa mzee mgongo, nikamgeukia Papa Espoir, nikamweleza yote, mzee akisikia: moshi mweupe, matofali, cheche, mikono ya Mama Furaha. Papa Espoir alisikiliza bila kucheka hata mara moja. Kisha akatazama juu, kwenye bomba la moshi.

"Na siku mvua nzito inanyesha, moshi haipandi vizuri," aliuliza taratibu. "Siku kama hiyo, kumi zitatosha?"

Mzee aliinua macho, akalitazama bomba lile alilofanya nalo kazi maisha yake yote, na nikaona kwamba swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza, wala yeye hakuwahi kujiuliza. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Kumi na tano," alisema hatimaye. "Ama ishirini. Unaangalia kwanza kama bado iko mweupe." Halafu akanigeukia mimi, sauti imepanda. "Na weye, toka kwenye jiko yangu. Hapa muzee ni mumoja."

Nikatoka. Nilichukua begi langu, nikapanda gari la kwenda Bunagana, mpakani, jioni ileile, na sikukanyaga tena kiwanda kile wala kumwona tena Papa Katembo. Nilimkosea heshima, na sikuwahi kumwomba radhi. Bado namkasirikia, na bado namkumbuka.

Basi sikiliza. Rudi kwa fundi wako. Kuuliza si ujinga, lakini ukiuliza kwa kicheko unampa mtu ruhusa ya kukunyima jibu. Muulize ukiwa umenyamaza, sharti baada ya sharti. Akikuambia ndivyo tulivyokuta, usilitupe sharti hilo. Lishike, umuulize tena kesho, na keshokutwa, mpaka mmoja wenu ajue. Na wale wachoma mikate watakaosimama mbele ya pipa lako, waambie kinachoweza kuwaua, kwa maneno wanayoyaelewa, hata wakikucheka. Hasa wakikucheka. Anayekabidhi moto akaficha sababu yake nitamkasirikia hata akiwa na mvi, na siku moja mvi hizo zitakuwa zako.

Mungu akupe subira ya kungoja moshi utoke. Akupe ulimi mwepesi wa kueleza, na wanaofanya kazi karibu nawe warudi nyumbani jioni na mikono yao yote miwili. Amina.