Mabakuli Mawili ya Bobini

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuweza kuona pindo la sketi limekwenda upande akanyamaza, hata kama aliyeivaa ni mtu baki anayepita zake njiani. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita. Chumba chake cha kazi kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na chini ya cherehani, kando ya kikanyagio, alilala Bobini.

Bobini alikuwa mbwa wa rangi ya chai iliyopunjwa maziwa, sikio moja limesimama, la pili limekata tamaa. Miaka kumi na moja nyuma alikutwa mlangoni, kitoto, amejikunyata ndani ya kiroba cha vipande vya vitambaa. Tangu siku hiyo kidevu chake kilikaa juu ya mguu wa kushoto wa Mama Pindo, na huo mguu ukaachishwa kazi, ukawa wa mbwa. Mumewe, fundi bomba asiyependa maneno mengi, alizoea kusema kwamba ameoa mwanamke mwenye mguu mmoja.

Basi akaja wifi.

Alikuwa dada mkubwa wa mume, amestaafu jiko la hospitali baada ya nusu ya maisha yake kuwapikia wagonjwa, hana mtoto, hana mume, sauti yake ya chini hata anapocheka. Akapewa chumba cha nyuma. Wiki ya kwanza Mama Pindo alimpenda kwa moyo mmoja. Wiki ya tatu akahisi mguu wake wa kushoto una baridi. Akainama, akatazama chini ya cherehani, hamna mtu.

Bobini alikuwa mlango wa nyuma, miguuni pa wifi, mkia unafagia sakafu bila haya. Mbele yake lilikuwa bakuli la buluu lenye kitu laini, kinyevu, kinachotoa mvuke na harufu ya nyama. Mama Pindo hakuhitaji kuambiwa. Chakula cha kopo! Yeye miaka yote alimpa mbwa wake chakula kikavu cha punje, kwa sababu daktari wa mifugo alimwambia kinasaidia meno, naye akishaambiwa jambo na daktari halibandui. Leo mtu anaingia na kopo lake, anamnunua mbwa mchana kweupe.

Wivu ukamwingia, na tusimpambe, ulimwingia wote. Akishona, sikio liko nyuma. Akisikia bakuli la buluu linagonga sakafu, sindano inakwenda kombo. Alimshonea mwalimu wa shule ya jirani mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja, yeye, Mama Pindo, na mwalimu akaicheka mpaka machozi. Faraja yake ilikuwa moja tu: kila asubuhi alijaza punje kwenye bakuli lake la bati, na kila mchana alilikuta tupu. Kumbe bado anakula kwangu, alijiambia. Tumbo lake ni langu, ni moyo tu uliohamia kule.

Lakini moyo ndio alioutaka. Akapiga moyo konde, akaenda dukani. Muuzaji akamweleza kwa kirefu kwamba kikavu hakiharibiki haraka na cha kopo kina maji na ladha, ila mbwa aliyezoea kimoja abadilishiwe taratibu, kidogo kidogo. Mama Pindo alisikia ladha tu. Akanunua makopo sita, akayaficha chini ya vitambaa vya bitana, na mchana ule akamwita Bobini nyuma ya pazia la kupimia nguo. Akamfungulia makopo mawili kwa mpigo.

Bobini alikula, akalamba bakuli, akamlamba na vidole. Kisha akageuka, akaenda zake mlango wa nyuma.

Jioni tumbo la mbwa likafunguka, ukumbini, juu ya viatu vya mume. Mume akauliza amekula nini huyu. Mama Pindo hakupepesa macho.

"Muulize dada yako," alisema. "Si ndiye anayemlisha mlango wa nyuma?"

Wifi aliinuka. Akachukua tambara na ndoo, akapiga magoti, akasafisha viatu vya kaka yake mpaka gidamu. Kesho yake akamwambia kaka kwamba rafiki yake wa zamani wa kazini ana chumba, anaona ni heri ahamie huko asiwe mzigo. Mama Pindo alipopita mlangoni pa chumba cha nyuma akaona sanduku limefungwa, na Bobini amelala juu yake. Hapo furaha aliyoitarajia ikamgomea. Akaelewa kuwa wakiondoka, wataondoka wawili.

"Wifi," yule dada wa mume alimwita kutoka jikoni, "njoo nikuonyeshe kitu kabla sijaenda."

Juu ya meza palikuwa na mabakuli yote mawili. Wifi alichukua lile la bati, likiwa na punje za asubuhi ambazo hazijaguswa, akazimimina kwenye lile la buluu, akatia maji ya moto. Bobini akaja mbio kwa harufu, naye akamshika taya, akafunua mdomo taratibu. Gego moja limevunjika, ufizi umevimba, mwekundu.

"Sijanunua kopo hata siku moja," alisema. "Ni hizihizi zako. Nazilowesha tu, maana kutafuna kunamuuma. Inabidi aonwe na daktari. Nilitaka kukwambia, lakini ulikuwa hunisemeshi."

Mama Pindo alikaa kitini. Jicho lake lililoona uzi mmoja uliochomoka kwenye koti la mpita njia halikuona jino la mbwa wake mwenyewe. Akainuka, akarudi na makopo manne, akayapanga mezani.

"Mawili nilimpa mimi, siku ile," alisema. "Nikakusingizia. Nilikuonea wivu, wifi, mpaka nikashona mikono miwili ya kushoto."

Wifi aliyatazama makopo, halafu akamtazama yeye.

"Na mimi nilikuonea wivu wewe tangu siku niliyofika," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Una kazi, una mume, una mbwa wa kulalia mguu wako. Nilitaka kimoja tu."

Mama Pindo akalivuta karibu bakuli la buluu. Akauliza punje zinaloweshwa kwa muda gani, akaambiwa mpaka kidole kizame. Akangoja, akabonyeza, akaliweka bakuli sakafuni yeye mwenyewe. Bobini akala yote, kisha akaenda kulala palepale juu ya sanduku.

Roho ilimuuma Mama Pindo, asidanganye mtu. Akalivuta sanduku na mbwa wake juu, polepole asimwamshe, akalipitisha ukumbini mpaka chumba cha mbele, akalisukumia kando ya kikanyagio. Halafu akarudi jikoni kumchukulia wifi kiti cha kukaa kando yake.