Kaya ya Mia Moja Kumi na Tatu

Watu wakiniuliza Philomena ni mtu wa namna gani, hasira zinanipanda kabla sijafungua mdomo. Mimi ndiye nesi wa zahanati. Mimi ndiye niliyempima.

Ni mjane wa miaka hamsini na mbili, wazazi wake walitoka Mahenge, na mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa mhudumu wa afya wa kitongoji chetu: kaya mia moja kumi na mbili, zote kwenye daftari moja kubwa la kaunta buku. Majina ya watu wazima kiafya kwa kalamu ya bluu. Wenye presha, wenye sukari na wajawazito kwa nyekundu. Kila Alhamisi asubuhi tulikaa kwenye benchi la zahanati, nasoma majina mekundu, na ambaye hakuja kuchukua dawa Philomena anamfuata. Na si nyumbani tu. Masika watu wa huku wanashuka bondeni na sufuria zao, wanaishi kwenye madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya maji, walinde mpunga mpaka uvunwe. Mwingine angeandika "hawapo" akarudi zake kulala. Yeye alijua kila dungu na mwenye nalo.

"Mzee Sayi, utakufa umeshika mkia wa ng'ombe! Meza dawa nione!" alikuwa anamwambia Msukuma mmoja mfugaji, na mzee anacheka, anameza.

Wagonjwa wa kuletwa hoi kwenye pikipiki wakapungua. Watu wakaona faida, wakakata kadi za bima, fedha ya bima ikarudi zahanati, dawa zikawa haziishi kabatini. Wakubwa wakasema sasa mambo yanajiendesha. Thubutu! Yalikuwa yanaendeshwa na miguu ya Philomena. Mradi uliokuwa unamlipa ulipoisha, posho yake nayo ikaisha. Mpango mpya ulikuwa na fungu la dawa na fungu la karatasi, la miguu hamna. Akaendelea bure, ila mwaka huu ikabidi alime ekari mbili za mpunga apate kula.

Alhamisi moja, katikati ya mwezi wa tatu, alilalamika kichwa. Nikampima presha kwa utani tu. Mia moja na tisini kwa mia moja na kumi na tano. Nikarudia, ikatoka ileile.

"Mama, hii itakuangusha."

"Ni jua tu hilo, mwanangu. Nimetembea sana."

"Siyo jua. Chukua vidonge vya siku thelathini, vikiisha uje. Na ujiandike kwa nyekundu."

"Nijiandike?" Akaangua kicheko. "Halafu nani anifuate? Nijipigie hodi mwenyewe?"

Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Wahudumu wetu wote ndivyo walivyo, daftari linaanzia kwa jirani, kaya yake mtu haandiki. Lakini kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Akaniachia daftari, akahamia kwenye dungu lake, mbele ya kijiji cha Michenga. Kutwa anagonga debe kufukuza kwelea, wale ndege wala mpunga, jioni anazungukia majirani. Wagonjwa walikuja mmoja mmoja wakinung'unika, "Mama Philomena katufukuza huko bondeni tuje kuchukua dawa." Yeye Alhamisi hakuonekana. Nikajiambia ni ndege tu, hawampi mtu nafasi.

Mwisho wa mwezi wa nne wakaja wakaguzi. Walipitisha kidole kwenye majina mekundu: wote wamechukua dawa, hakuna aliyekosa hata mmoja. Wakanipigia makofi. Siku hiyo vidonge vya Philomena vilikuwa vimeisha siku kumi na moja nyuma, na hakuna ukurasa uliosema hivyo.

Tukiwa bado tunakunywa soda, Mzee Sayi akaingia, tope mpaka magotini.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. "Nesi, yule mama yuko wapi? Tangu jana asubuhi debe lake silisikii. Nimeita kutoka ng'ambo ya maji, kimya. Kwelea wametua shambani kwake, wanakula tu."

Niliiacha soda mezani. Mimi na mzee tulikwenda kwa pikipiki mpaka barabara ilipoishia, kisha tukaingia majini kwa miguu. Kwelea waliruka wote kwa pamoja, shamba likabaki mabua. Philomena alikuwa amelala juu ya dungu, mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia umekufa. Macho yalikuwa wazi. Aliniona. Alitaka kunitania, nilimjua, lakini sauti iliyotoka haikuwa na neno ndani yake.

Sasa yuko kwa binti yake, Dorotea, analishwa uji kwa kijiko. Nimemwandika kwa nyekundu, kaya ya mia moja kumi na tatu. Alhamisi iliyofuata nilikaa kwenye benchi peke yangu nikasoma. Watu tisa hawakuwa wamekuja, na yeye mmojawapo. Nikageuka pembeni, mahali pake pa siku zote, kumwambia awafuate.