Nimechemsha kofia ya mgodini ya mume wangu

Jamani, msicheke kwanza.

Ile ya zamani ilikuwa ya chuma. Kila akirudi Tunduma kutoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, naichemsha pamoja na nguo zake, chawa wafe.

Hii mpya nayo nikaitumbukiza. Kumbe ni turubai tu, tabaka juu ya tabaka, limegandishwa kwa gundi!

Leo asubuhi nimeitoa sufuriani imelegea. Mume wangu hakufoka hata kidogo. Aliibonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Akaianika juani, kisha akaivaa.

“Bila kofia hawaniruhusu kushuka shimoni,” akasema. “Kwa mbali itaonekana nzima.”

Lori lililombeba limeshavuka mpaka. Alama ya kidole chake imebaki pale pale kwenye kofia, juu ya utosi.

Ingekuwa nyie, mngemwacha aende?