Gauni Nililolivua Siku ya Picha

Siku ile ya picha naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na tafadhali usimwambie mzee wangu. Ilikuwa miaka ya themanini, hapa hapa mtaani Nyalenda, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shirika moja la kusaidia watoto lilikuwa limeniandikisha na kunitafutia mfadhili ng'ambo, mama mmoja aliyeitwa Ingrid. Yeye ndiye aliyenilipia karo. Kila mwaka sisi watoto wa shirika tulipigwa picha katika uwanja wa kanisa, ili mfadhili aone mtoto wake anavyokua.

Mama yangu aliuza omena, wale dagaa wa ziwani. Majirani walimwita Nyar Katito, yaani binti wa Katito, kwa sababu alizaliwa huko. Mwaka huo alipeleka kitambaa cha manjano kwa fundi wa cherehani, nikashonewa gauni lenye kola. Asubuhi ya picha alilipiga pasi ya makaa, akanipaka mafuta miguu yote hadi nikang'aa, kisha akaenda ziwani kuchukua omena. Alitaka yule mama wa mbali aone kwamba mtoto huyu ana kwao.

Lakini mimi kichwa maji nilikuwa nimewasikia wasichana wakubwa pale bombani wakisema kwamba anayeonekana maskini zaidi ndiye anayetumiwa kifurushi. Viatu, mdoli, peremende! Basi nikamvuta rafiki yangu Atieno nyuma ya choo cha kanisa, tukabadilishana nguo. Gauni lake lilikuwa limechanika begani. Nikavua viatu, nikajipaka vumbi pale pale mama alipopaka mafuta. Mpiga picha aliponiambia nicheke, nikanuna. Nilijiona mjanja ajabu.

Miezi ikapita na kifurushi hakikuja. Aliyekuja ni Bwana Odhiambo, karani wa shirika, akiwa na barua ya Mama Ingrid na nakala ya picha yangu. Mama alimpa kiti, nami nikakaa mkekani. Alikuwa mtu mpole, nikamwona akitafuta pa kuanzia.

"Mama, huyu mfadhili amesumbuka sana," akasema. "Anauliza kama huyu mtoto iko na mtu ya kumchunga. Kama hakuna, anataka tumpeleke kwa nyumba ya watoto. Atalipa kila kitu."

Mama aliichukua picha, akaitazama.

"Hii nguo si yangu," akasema hatimaye. "Na mtoto yangu haiendi mahali. Iko na mama. Si unaniona?"

"Mimi nakuona, Mama. Lakini yeye ameona picha tu."

Niliogopa. Sikuwa nimewaza kwamba ujanja wangu ungeweza kunitoa kwetu. Nikaangua kilio, nikasema yote: choo, Atieno, vumbi. Nikangoja kofi. Halikuja, na kusema kweli ningelipokea kwa furaha kuliko maneno niliyopewa.

"Nyathina," Mama akasema, maana ndivyo alivyoniita, mtoto wangu, kwa Kiluo. "Wewe umeambia mtu wa mbali ati hauna mama."

Nina mvi kichwa kizima sasa, na maneno hayo bado yananichoma.

Akaniletea kalamu. "Andika. Ile kitu umefanya, yote."

Bwana Odhiambo akamwonya kwamba mfadhili akijua amedanganywa huenda akaacha, na shule yangu iishie hapo. Mama alilijua hilo vizuri. Omena peke yake hangenisomesha.

"Akiwacha, tutaona," akasema. "Andika."

Nikaandika, na barua ikaenda. Mama hakunikumbusha kosa langu tena, ila kila Jumapili baada ya ibada alimfuata Bwana Odhiambo kumuuliza kama kuna jibu, akarudi bila habari. Hiyo ndiyo adhabu niliyopata, na ilitosha.

Jibu lilipofika halikuwa langu. Lilikuwa la mama. Mama Ingrid aliandika kwamba kazi yake ni kuosha vyombo katika jiko la hospitali, kwamba hakujaliwa kupata mtoto, na kwamba picha ile ilimliza siku nyingi. Karo angeendelea kulipa. Akamwomba mama msamaha kwa kumdhania vibaya. Bwana Odhiambo alitutafsiria, mama akamwomba arudie, na akimaliza arudie tena. Kisha akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Mwandikie," akaniambia. "Mwambie hata mimi ningeuliza."

Walikuwa wanawake wawili ambao hawakupata kuonana, nami mtoto mmoja niliwaliza wote wawili.

Nimesikia unajaza fomu za kuomba msaada wa masomo, mwanangu. Jaza. Kuomba si aibu, mimi mwenyewe nilisoma hivyo. Unachokikosa kiseme, usikifiche. Lakini usimfute aliyekulisha ili uonewe huruma zaidi. Anayekusaidia naye ni mtu. Ukimpa uchungu wa uongo, yeye ataulilia kwa machozi ya kweli. Na aliyekulea hadai kusifiwa. Anataka tu atajwe.

Nenda basi. Mungu akukutanishe na watu wenye roho safi, na wakikuuliza wewe ni mtoto wa nani, akupe ujasiri wa kujibu bila kuinamisha macho.