Datsun Aliyopewa Maurine Badala ya Shamba

Saa moja kasoro robo asubuhi, kabla majirani hawajaanza kugonga mabati, Maurine Khalayi yuko chini ya gari. Miguu yake tu ndiyo inayoonekana, ndani ya buti zilizopasuka kisiginoni. Anakaza nati ya bomba la moshi. Anatoka, anajipangusa mikono, analizunguka gari mara moja, kisha analala tena chini na kukaza nati ileile.

"Hiyo umeikaza mara nne tangu nifungue mlango," Jairus Osiako, mwenye kibanda hiki cha mafundi wa jua kali mjini Kakamega, anamwambia.

"Ya tano ndiyo inashika, Mzee," sauti inajibu kutoka chini.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1971. Lina milango miwili, boneti ndefu, na kiti cha dereva kimesukumwa nyuma hadi karibu na magurudumu ya nyuma. Katika mji uliozoea pikapu na matrekta ya miwa, watu husimama kulitazama. Bodi ina umri wa miaka 27. Ndani ya boneti, hata hivyo, kuna injini ya Toyota ya mitungi sita, inayoongozwa na kompyuta, iliyotengenezwa Japani mwaka 1990.

Keshokutwa, Jumamosi, mtu atakuja kutoka Kisumu kulitazama gari hilo kwa mara ya pili. Tangu alipoondoka mara ya kwanza, Maurine hajalala vizuri.

"Nikiketi naona kama kuna kitu nimesahau," anasema. "Nikisimama nakiona. Basi heri nisimame."

Maurine ana umri wa miaka 33. Ni mtoto wa tatu na binti pekee wa marehemu Chrispinus Lusweti, aliyekuwa fundi wa matrekta katika shamba la mzungu mmoja huko Lugari. Mzungu huyo alipenda mwendo wa kasi. Mwaka 1974, alipokuwa akijiandaa kuhama nchi, injini ya Datsun yake ilimfia barabarani. Chuma kimoja kilitoboa ukuta wa injini na kutokea nje. Hakuwa na muda wa kuitengeneza. Alimwachia Lusweti gari, akatia sahihi kitabu cha umiliki na kumkabidhi.

Lusweti alilivuta kwa ng'ombe hadi kwenye shamba lake la ekari kumi na tano, akaliegesha nyuma ya ghala la mahindi. Kila mwaka alisema atalitengeneza mwaka unaofuata. Kuku walitaga kwenye viti. Maurine, akiwa msichana mdogo, alikuwa akiwafukuza na kuketi nyuma ya usukani.

"Baba alinifundisha kubadilisha gia humo humo, gari likiwa juu ya mawe," anakumbuka. "Nilijua kuendesha gari kabla sijajua kuendesha baiskeli. Lakini gari lenyewe halikuwa linaenda popote."

Alisomea ufundi wa magari katika chuo cha Sigalagala, wasichana wakiwa wawili tu darasani. Baada ya hapo aliajiriwa katika karakana tatu tofauti, na zote aliziacha. Katika moja aliambiwa awe anapokea simu. Alidumu siku tisa.

Lusweti aliaga dunia mwaka 1994. Mwaka uliofuata wazee wa ukoo walikutana kugawa shamba. Ekari saba zilikwenda kwa Wangila, kaka mkubwa, saba kwa ndugu anayemfuata, na moja ikabaki ya mama yao, Mama Naliaka. Maurine hakutajwa.

Aliinuka akauliza fungu lake liko wapi.

"Mzee mmoja aliniambia, 'Wewe mwanangu shamba lako liko kwa yule atakayekuoa.' Nikamuuliza, 'Ni nani huyo, mnijulishe nikamwone.' Watu wakacheka," anasimulia. "Ndipo Wangila akasema, 'Mpeni ile Datsun ya Baba. Si ndiyo anapenda?' Wakacheka zaidi."

Maurine hakucheka. Alimgeukia karani wa kikao akamwambia, "Andika hivyo. Andika na namba ya gari."

Karani akaandika. Wiki mbili baadaye Maurine alirudi Lugari na lori la kukodi, akapakia gari, akaja nalo Kakamega.

Wangila, ambaye sasa ana umri wa miaka 44, hakatai kwamba alisema maneno hayo. "Nilikuwa nafanya mzaha," aliniambia nilipomtembelea. "Sikujua atabeba kweli. Lori lilipoondoka hata mimi nilijisikia vibaya, lakini maneno yalikuwa yameshatoka."

Mzee Osiako alimpa nafasi kando ya kibanda, kwa sharti kwamba kazi za wateja zitangulie. Kazi hizo ni breki, klachi, na kuchomelea milango ya maduka na vitanda vya shule. Siku njema Maurine hupata shilingi mia tatu. Siku ya mvua anaweza kurudi nyumbani na hamsini, na Kakamega mvua haikosi.

Mwaka mzima wa kwanza ulikwisha kwenye kutu. Sakafu ya gari ilikuwa imeliwa kiasi kwamba mtu angeweza kusimama ndani akiwa amekanyaga ardhi. Alikata mabati mapya, akayakunja kwa nyundo juu ya reli ya zamani, akayachomelea kipande kwa kipande. Hakuwa na paa juu ya gari. Mawingu yalipojikusanya kila alasiri, alikuwa mbioni kulifunika kwa turubai, na yalipotawanyika alikuwa mbioni kulifunua.

Ugomvi ulikuja walipofikia injini. Mzee Osiako, ambaye ametengeneza magari tangu kabla ya uhuru, alitaka watafute injini ya Datsun ya aina ileile.

"Nilimwambia gari ni kama mtu," anaeleza mzee huyo. "Ukitoa moyo wake ukaweka wa mwingine, huyo si yeye tena."

"Nami nikamwambia mtu aliyekufa hahitaji moyo wake wa zamani, anahitaji unaopiga," anasema Maurine. "Vipuri vya ile injini ningevitoa wapi? Ningengoja kama Baba alivyongoja."

Hawakusemezana kwa wiki mbili, ingawa walikuwa wakifanya kazi hatua tano tu kutoka mmoja hadi mwingine. Spana zilipitishwa kwa mikono ya watu wengine.

Mwezi Februari mwaka jana, Maurine alikwenda Kisumu kwa waagizaji wa injini zilizotumika kutoka Japani. Akanunua moja pamoja na giaboksi yake kwa shilingi 52,000, akiba yake ya miaka miwili. Ilipoteremshwa kutoka kwenye pikapu, Mzee Osiako aliinuka, akashika upande mmoja wa mnyororo wa kuibebea. Ugomvi ukaishia hapo.

Injini haikutaka kuingia. Bakuli la oili lililo chini yake lilikuwa linagonga chuma kinachobeba magurudumu ya mbele. Maurine alilikata, akalifupisha upande mmoja na kulipanua upande wa pili ili lichukue oili kiasi kilekile. Mara mbili lilivuja. Mara ya tatu alilijaza maji akalitundika kwenye boriti, akalala, na asubuhi akakuta sakafu ni kavu. Shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma ilikuwa fupi mno. Aliunganisha vipande vya shafti mbili na kuvipeleka kwa fundi wa mashine kusawazishwa.

Kisha zikabaki waya. Zilikuwa zaidi ya hamsini, zote zikiishia kwenye sanduku dogo la chuma ambalo ndilo kompyuta ya injini, na maandishi juu yake ni ya Kijapani.

Siku aliyopanga kuliwasha, mafundi wa vibanda vyote walikusanyika. Injini ilizunguka, ikazunguka, haikushika. Alijaribu hadi betri ikaisha. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba mwanamke amezika pesa. Watu wakatawanyika mmoja mmoja.

"Hiyo ndiyo siku niliyotaka kulipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu," anasema. "Nilitoka hapa nikatembea. Nilitembea tu, sikuwa na mahali ninakwenda. Nilipokuja kuangalia, niko Khayega. Nikasema, kama nimefika hapa, Sigalagala si mbali."

Huko alimtafuta mwalimu wake wa zamani wa umeme, Onesmus Shikanga. Mwalimu huyo alimkuta ameketi kwenye ngazi za karakana, ameshika viatu mkononi.

"Nilimuuliza, 'Khalayi, umekuja kwa miguu?' Akasema, 'Mwalimu, gari langu haliwaki,'" Shikanga anakumbuka huku akicheka. "Nikajua hili jambo ni zito."

Kwa Jumamosi tatu mfululizo Shikanga alikuja na taa ndogo ya kupimia umeme na daftari la mistari. Alifuata waya mmoja baada ya mwingine na kuchora unapotoka na unapokwenda. Jumamosi ya tatu, karibu saa nane mchana, aliuinua waya mmoja wa kahawia uliokatwa.

"Huu nani amekata?" aliuliza.

Ni Maurine mwenyewe. Alidhani ni wa redio. Kumbe ndio uliorudisha umeme wa kompyuta kwenye bodi ya gari. Bila huo, kompyuta ilikuwa kama kipofu. Waliuunganisha, wakaufunga kwa utepe. Injini ilishika kwa mara ya kwanza kabla Shikanga hajafunga daftari.

"Sikupiga kelele," anasema Maurine. "Niliizima. Nikaiwasha tena. Nikaizima. Nilitaka nihakikishe si bahati."

Safari ya kwanza iliishia Malava, maji ya radieta yakichemka. Alibadilisha radieta. Ya pili ilifika Butali na kurudi salama. Ya tatu, mwezi Mei mwaka huu, ilikuwa ya Lugari.

Mama Naliaka alikuwa akipepeta maharagwe aliposikia ngurumo. "Nilidhani ni ndege imeshuka kwa mahindi," anasema mama huyo mwenye umri wa miaka 70. "Kisha nikaona ni huyu. Huyu alikuwanga hivi tangu zamani, hawezi kuja polepole. Nikamwambia, zima hiyo kitu uingie ndani, obusuma inapoa," yaani ugali.

Wangila alitoka, akalizunguka gari. Aliweka kiganja juu ya boneti. Kisha, wakiwa mezani, akatoa habari iliyomfanya Maurine aache kula. Alikuwa amepata mnunuzi wa ekari mbili za chini, zile za kando ya kijito, apate mtaji wa kinu cha kusaga.

Ekari hizo zilikuwa fungu la Wangila, lakini ndiko Mama Naliaka hulima mboga zake miaka yote, mrenda na kunde, na ndizo zinazomlisha. Ekari yake moja ni ya mlimani, yenye mawe.

"Nilimuuliza, 'Mama atachuma wapi?' Akaniambia, 'Dada yangu, hata mimi nina watoto,'" anasema Maurine. "Sikumkasirikia. Nilimuuliza bei. Akaniambia laki moja na elfu arobaini. Nikamwambia, nipe hadi mwisho wa Julai."

"Nilidhani anatania," anasema Wangila. "Lakini nilikuwa nimeshawahi kudhani hivyo mara moja, nikakosea. Nikamwambia yule mnunuzi angoje."

Maurine hakuwa amewahi kufikiria kuliuza gari. Alirudi Kakamega, akatuma habari kwa watu wapendao magari ya zamani. Mmoja wa Kisumu, ambaye hakutaka jina lake litajwe, alikuja mwezi Juni, akaliendesha hadi Mumias na kurudi, akasema atatoa shilingi 220,000. Maurine alimwomba mwezi mmoja amalizie rangi na viti. Mwezi huo ndio unaokwisha keshokutwa.

"Kila asubuhi nasema nitauza. Kila jioni nikiliwasha nasema siuzi," anakiri.

Jumamosi inafika. Saa tano kasorobo mnunuzi anaingia kibandani na dereva wake. Mafundi wanaacha kazi. Mzee Osiako analeta benchi, lakini Maurine haketi. Anafungua boneti, anamwonyesha mgeni pa kutazama oili, namna ya kulipasha moto asubuhi, na kumwonya asiioshe injini kwa maji mengi. Anarudia maelezo hayo mara mbili. Mgeni anasikiliza kwa adabu, anahesabu pesa, anatia sahihi.

Gari linatoka taratibu hadi barabarani, kisha dereva anakanyaga. Sauti ya mitungi sita inapanda, inapita soko, inapotea upande wa Kisumu. Maurine amesimama katikati ya mafuta yaliyomwagika sakafuni, mikono haina cha kushika. Machozi yanamtoka, naye hayafuti.

"Gia ya tatu ameingiza mapema," anasema hatimaye.

Mzee Osiako anamshika bega. "Pole, mwanangu."

"Asante, Mzee. Usinipe pole nyingi, nina safari."

Bodi ya ardhi, inayoidhinisha uuzaji wa mashamba, inakutana Jumanne ijayo, na Wangila amekubali kufika kutia sahihi ya kumuuzia zile ekari mbili. Maurine anataka hati iandikwe kwa jina lake, si la mume ambaye hajaja. Pesa zitakazobaki atajengea kibanda chenye paa huko Lugari, kando ya barabara, atengeneze matrekta ya wakulima wa mahindi, huku mama yake akiendelea kuchuma mboga kwenye kijito. Mvua za Agosti, anasema, zimkute ameshapanda maharagwe.

"Kulia, ningelia tu," anasema akifunga mkoba wake. "Nisingeuza, ningelia siku Mama anafukuzwa kwenye mboga zake. Nimeuza, nimelia leo. Tofauti ni kwamba kuanzia Jumanne nikilia, nitakuwa nalilia kwangu."